Dungu la Mkongani

Mara ya kwanza kulala dunguni nilikuwa na miaka tisa. Ulikuwa msimu wa mahindi wa 1966, na shamba letu la Mkongani, huku Kwale, lilipakana na msitu wa Shimba upande wa kuchomozea jua. Asiyelijua dungu, ni kibanda kilichoinuliwa juu ya miti minne mirefu, sakafu ya fito, paa la makuti, na ngazi ya kupandia ambayo huvutwa juu usiku ukiingia. Chini bibi aliwasha moto wa magogo ya mkorosho, akayapanga yaungue polepole hadi alfajiri. Juu tulikuwa na debe tupu la mafuta, vipande viwili vya chuma na blanketi moja la watu wawili.

Bibi hakupenda neno ndzovu, yaani ndovu kwa lugha yetu, litajwe usiku. Alisema, "Wenyewe wameshuka," nami nikajua. Ndovu humsikii akija. Unasikia bua likivunjika, kisha jingine, kisha pumzi nzito kama ya mtu anayelala karibu nawe. Bibi alipiga debe, nami nikagonga vyuma mpaka viganja vikauma. Kulipopambazuka tulikuta robo ya shamba imelala chini na nyayo zimejaa maji ya mvua, kila unyayo upana wa ungo. Bibi alikaa kitako katikati ya mabua yale akaanza kuokota yaliyosalia. Hakulia, wala hakumtukana mnyama. Alisema tu kwamba msitu huu una bwana, na bwana mwenyewe haji kulala hapa.

Maneno hayo nimeyabeba tangu siku ile, yakanifuata darasani miaka 33 niliyofundisha historia. Nataka kueleza yalikotoka. Siku hizi, kila panapozuka mjadala kama Kenya irudishe uwindaji wa leseni au iliache pori lirudi lenyewe na wanyama wake, husemwa kana kwamba pande ni mbili tu: bunduki na pori. Sisi wa Mkongani tumeishi na zote mbili, kwa zamu. Kuna upande wa tatu, nao ni wa aliyelala dunguni.

Nianze na babu, mume wa bibi yule. Alikuwa mwindaji, kama walivyokuwa wanaume wengi wa rika lake, Wadigo kwa Waduruma. Alikuwa na upinde na podo, lakini kilichomlisha hasa kilikuwa wavu na mtego wa kamba. Sababu yake ilikuwa dini. Mshale wa sumu, ile sumu nyeusi inayopikwa kwa miti ya msunguti, humwua mnyama kabla ya kisu kufika, na babu alikuwa Mwislamu asiyetaka shaka katika chungu chake. Paa akinaswa wavuni alishikwa hai, akaelekezwa kibla, akachinjwa kwa bismillahi. Wanaume walitega wavu mwanzoni mwa kichaka, vijana wakazunguka nyuma wakipiga kelele na kuachia mbwa. Nguruwe mwitu aliyenaswa aliuawa kwa sababu ya mihogo, akaachwa hapo hapo au akachukuliwa na majirani wasiokuwa na mwiko naye.

Babu hakuwinda ovyo. Kulikuwa na mahali hapaingiwi na wavu wala shoka, yaani kaya na makaburi ya wazee. Msitu wa Shimba una makaya ndani yake, na ukishuka pwani kuna Kaya Kinondo pale Diani na Kaya Muhaka kidogo bara. Ndani ya kaya hukati mti, huui mnyama, huchukui hata kijiti kilichoanguka. Mwaka 2008 UNESCO iliyaingiza baadhi ya makaya ya Wamijikenda katika orodha ya urithi wa dunia, na leo mgeni anayezuru Kinondo hufungwa kaniki nyeusi kwanza kabla ya kupita chini ya miti. Wanaosema kuacha pori lirudi ni fikra mpya waende wakasimame pale. Wazee wetu waliacha pori makusudi, wakajua kwa nini waliliacha, na waliolinda ndio waliokuwa na neno juu yake. Hilo la mwisho ndilo lililopotea baadaye.

Lilianza kupotea 1903, serikali ya Kiingereza ilipoutangaza Mlima Shimba kuwa msitu wa serikali. Mwaka 1924 zikaongezwa sehemu za nyasi za juu. Watu walioupanda mlima huo kutafuta asali, dawa, kuni na kitoweo wakawa waingiaji. Sheria za wanyama zilitangulia na kufuata vivyo hivyo. Mwaka 1900 mataifa ya Ulaya yalikutana London kuandika mkataba wa kuhifadhi wanyama wa Afrika, na hapakuwa na Mwafrika mezani. Mfumo uliofuata ulikuwa wa leseni. Mgeni aliyetaka kuja kupiga wanyama wakubwa alilipa pauni 50, fedha ambazo mpagazi wa msafara hangezishika hata kwa miaka kadhaa ya kubeba mizigo. Kwa karatasi hiyo aliitwa mwindaji. Babu yangu, kwa wavu ule ule alioachiwa na babu yake, akaitwa jangili. Darasani nilizoea kuyaandika maneno hayo mawili ubaoni, moja kushoto, moja kulia, kisha nikawauliza wanafunzi tofauti yake ni nini. Siku zote alikuwapo mtoto wa nyuma aliyejibu kwa sauti ndogo: "Pesa, Mwalimu."

Na huku ndiko palahala wetu alikopata jina lake la vitabuni. Palahala, wengine humwita mbarapi, ni swala mkubwa mwenye pembe ndefu zilizopinda kuelekea mgongoni. Dume lake huwa jeusi kama mkaa, tumbo jeupe, na uso wenye michirizi. Katika Kenya nzima anaishi Shimba peke yake. Aprili 1909 Theodore Roosevelt alishuka Mombasa, wiki chache tu baada ya kuondoka katika urais wa Marekani, akiongoza msafara uliokusanya wanyama kwa ajili ya jumba la makumbusho la Smithsonian. Yeye na mwanawe Kermit waliangusha wanyama 512 kwa bunduki zao wawili. Katika msafara huo Kermit alikuja huku pwani, kwenye vilima vyetu, kumtafuta palahala. Alimpata. Mwaka 1910 Edmund Heller, mtaalamu aliyekuwa katika msafara, akaandika maelezo ya mnyama huyo na kumpa jina la familia ya waliompiga: roosevelti. Mpaka leo jina lake kamili la kisayansi ni Hippotragus niger roosevelti.

Nilipolijua jambo hilo mara ya kwanza, chuoni, niliumia kwa namna ambayo siwezi kuieleza vizuri hata sasa. Mnyama ambaye bibi yangu alimjua kwa jina, ambaye nyayo zake babu alizitofautisha na za kuro gizani, alikuwa hajulikani mpaka alipopigwa risasi na kijana aliyepita. Sikatai kwamba wanasayansi wale walifanya kazi. Ngozi na mafuvu waliyoyabeba yamewafundisha wengi. Lakini katika hadithi yote ile, iliyoandikwa na kusomwa duniani kote, mlima wetu ni mahali pa kupiga, na watu wake ni wa kubeba. Hata neno letu safari, ambalo kwetu ni kwenda tu, kwa shangazi au hija, lilichukuliwa likawa na maana ya bunduki.

Miaka ya baadaye nilimwona mwenyewe askari wa idara ya wanyama akija Mkongani na bunduki. Ilikuwa baada ya misimu miwili mfululizo ya mahindi kuliwa. Wazee walikuwa wamekwenda Kwale kulalamika. Askari alikaa siku mbili, usiku wa pili akampiga ndovu mmoja ukingoni mwa shamba la jirani. Asubuhi kijiji kizima kilikwenda kumwangalia. Pembe zilikatwa zikapelekwa serikalini, kwa kuwa kisheria pembe za ndovu aliyepigwa na askari zilikuwa mali ya serikali. Nyama sisi hatuli. Harufu ilikaa nasi wiki tatu, na ndovu wengine wakarudi kabla haijaisha. Babu alisema yule mnyama amekufa bure, kwa kuwa hakumshibisha mtu wala hakuokoa shamba.

Mwaka 1968 sehemu kubwa ya mlima ikafanywa hifadhi ya taifa, kilomita za mraba 192 na ushei. Vipande viwili vya upande wetu, Mkongani Kaskazini wenye hekta 1,113 na Mkongani Magharibi wenye hekta 1,366, vikabaki misitu ya akiba chini ya idara ya misitu. Kwa mkulima tofauti hiyo ya karatasi haikuwa na maana. Ndovu havuki kutoka idara hadi idara. Anavuka kutoka kichakani hadi kwenye muhogo.

Kisha bunduki ya leseni ikaondoka. Tarehe 19 Mei 1977 serikali ya Kenya ilipiga marufuku uwindaji wote wa michezo, na mwaka uliofuata ikapiga marufuku biashara ya ngozi, pembe na nyara nyingine za wanyama. Nilikuwa ndio naingia chuo cha ualimu. Tulishangilia. Nashangilia hata sasa nikikumbuka, kwa sababu maduka ya Nairobi yaliyouza miguu ya ndovu iliyogeuzwa viti yalifungwa. Lakini historia hainiruhusu kusema marufuku yale yaliwaokoa wanyama. Mwaka 1973 Kenya ilikadiriwa kuwa na ndovu 167,000, na kufikia 1989 walisalia kama 16,000. Waliouawa baada ya 1977 waliuawa kwa bunduki za kivita na mikono yenye marafiki wakubwa. Uchunguzi wa Joseph Ogutu na wenzake unaonyesha kuwa kati ya 1977 na 2016 wanyamapori wa Kenya walipungua kwa asilimia 68, bila risasi hata moja ya leseni. Malisho yaliliwa na mifugo, mashamba yakapanuka, ua na barabara vikakata njia.

Wapenda bunduki hutumia takwimu hizo hizo. Husema: mnaona, mnyama asiye na bei halindwi na mtu, mwacheni mwenye ardhi auze ndume mzee mmoja, naye atawalinda tisini. Sio hoja ya kipuuzi. Tanzania ilifunga uwindaji 1973, ikaufungua tena 1978, na mpaka leo hukodisha vitalu vya uwindaji kwa makampuni. Hata hapa Kenya, mwaka 1960 Idara ya Wanyama ilianzisha mpango wa Galana, mashariki ya Tsavo, ili Wawaata, wale mabingwa wa upinde mzito waliofungwa kwa mamia katika msako wa ujangili wa 1956 na 1957, wawinde ndovu kihalali na wapate riziki kwa ujuzi wao. Nia ilikuwa njema, na kwa mara moja sheria ilikiri kwamba mtu yule aliyeitwa mhalifu alikuwa fundi. Lakini mpango haukudumu, nyama haikuwa na soko la karibu, na Wawaata hawakuwa wenye kuamua kitu. Wengine ni majirani zetu huku Kwale, na sijakutana na mzee wao aliyesema Galana ilimwachia shamba au ng'ombe.

Nami nauliza pauni 50 za 1909 zilikwenda wapi. Hazikufika Mkongani. Atakayeniambia kuwa dola za mwindaji wa leo zitafika, anionyeshe kwanza njia zitakayopitia. Aangalie pia mpakani, ng'ambo ya Amboseli: tangu Septemba 2023 madume kadhaa yenye meno ya kufagia ardhi, angalau mmoja wao akijulikana kwa sura na watafiti wa Kenya kwa miongo, yamepigwa upande wa Tanzania kwa leseni halali. Ndovu kama hao hukulia kwetu miaka mingi, wakamalizwa asubuhi moja, na Mmaasai wa upande huu aliyewavumilia maisha yake yote hakupata hata ndururu.

Basi upande wa pori nao ukoje? Uingereza, nimesoma, kuna ugomvi kama huu kwenye mashamba makubwa ya mabwanyenye. Wako wanaotunza milima kwa ajili ya kupiga ndege, msimu ukifunguliwa kila tarehe 12 Agosti, na wako walioacha kulima ili pori lirudi. Shamba la Knepp, kule Sussex, ekari 3,500, liliachwa tangu 2001 kwa ng'ombe, farasi wadogo na nguruwe wanaozurura, na 2020 korongo weupe walitotoa pale baada ya kurudishwa kwa mikono ya watu.

Lugha yetu imeliweka neno korongo kwa viumbe wawili, ndege mwenye miguu mirefu na swala aliye ndugu yake palahala. Huyo korongo wa miguu minne aliletwa Shimba miaka ya 1970 kutoka vilima vya Ithanga, ambako mashamba yalikuwa yanammaliza. Hakudumu. Wote walikufa kizazi kikaisha, na leo korongo wa Kenya wamesalia Ruma, karibu na Ziwa Viktoria, 15 tu kwa hesabu ya 2021. Nikilinganisha korongo hao wawili sioni kwamba Waingereza ni wajuzi kuliko sisi. Naona kwamba Knepp ina mwenye shamba mmoja, aliyeamua juu ya ardhi yake, akabeba hasara yake, akapata ruzuku ya serikali yake. Shimba imezungukwa na maelfu ya wenye mashamba ya ekari mbili tatu, na hakuna aliyewauliza.

Tena pori la Shimba halikuachwa kamwe lijiendee. Nyasi anazozipenda palahala ni zile changa zinazochipuka baada ya moto. Babu na rika lake walichoma vipande vya mbuga kabla ya mvua, na hilo nalo likawa kosa. Baadaye ikapandwa misonobari ya mbao juu mlimani. Kisha likaja seng'enge la umeme kuwazuia ndovu wasitoke. Seng'enge lilisaidia, siwezi kukana, kuna misimu tulivuna. Lakini ndovu waliofungiwa walizaana, wakaanza kuumaliza msitu wenyewe, magome yakabanduliwa na miti michanga ikang'olewa.

Ndipo 2005 serikali ikapanga kuhamisha ndovu 400 kwenda Tsavo Mashariki. Niliwapeleka wanafunzi wa darasa la nane wakaone. Helikopta ilizunguka juu ya miti, daktari akapiga sindano ya usingizi kutoka angani, na familia nzima ya ndovu ikalala, mmoja baada ya mwingine. Winchi iliwainua kwa miguu, kichwa kikining'inia, mpaka kwenye lori. Mtoto mmoja wa kike alilia. Baba yake alikuwa ameumizwa na ndovu mwaka uliotangulia, na nilipomuuliza kwa nini analia alisema, "Wanamwacha mdogo wake, Mwalimu?" Hawakumwacha. Ndama alipandishwa pamoja na mamake. Kwa jumla walihamishwa ndovu 150 mwaka ule, mwendo wa kilomita 160.

Katika miaka yote hiyo watu waliulizwa mara moja tu, na mahali ni Mwaluganje. Kati ya hifadhi ya Shimba na msitu wa Mwaluganje, upande wa Golini, kuna njia ya kale ya ndovu. Wakulima wa bonde lile walikuwa wakipanda mahindi katikati ya njia, kila mwaka wakavuna mabua. Mwaka 1995 familia zipatazo 200, Waduruma na Wadigo, zilikubali kuyaunganisha mashamba yao, kuacha kulima, na kuwaachia ndovu wapite. Ardhi ilibaki yao. Kila familia ikawa na hisa, na mapato ya wageni yakagawanywa. Miti ya mitapo, ile mikale inayofanana na minazi mifupi, ambayo unga wake uliwahi kuokoa watu wakati wa njaa, imesimama kule kwa wingi kama ilivyosimama kabla ya babu zetu. Akina mama wakajifunza kutengeneza karatasi kwa mavi ya ndovu, wakaiuza kwa watalii.

Ninao jamaa kule. Siwezi kusema wote wameridhika. Miaka ambayo wageni wa Diani na Msambweni walipungua, kwa hofu ya usalama au ugonjwa, mgao ulikuwa mdogo hata kununua magunia matatu ya unga ukawa mzigo, na vijana wakauliza kwa nini wazee wao walitia sahihi. Lakini wanauliza wakiwa wenye mali. Wakitaka mkutano, unaitishwa. Hilo peke yake bibi yangu hakulipata maisha yake yote.

Sisi tusio na hisa tunaitegemea sheria. Mwaka 1989, mwaka ule ule Rais Moi alipochoma tani 12 za pembe Nairobi na dunia ikapiga makofi, sheria ilibadilishwa na fidia ya mazao yaliyoharibiwa na wanyama ikafutwa. Ikasalia ya kifo na majeraha tu, na kifo kilifikia kulipwa shilingi 200,000. Kwa karibu miaka 25 ndovu aliweza kula chakula cha mwaka mzima cha nyumba na serikali isiwe na neno. Sheria ya 2013 ilirekebisha: mazao yakarudi, na kifo kikawa shilingi milioni 5. Ni sheria nzuri kwenye karatasi. Mwaka 2016 nililiwa ekari moja na nusu ya mahindi kwa usiku mmoja. Nilijaza fomu, nikaenda kwa mtaalamu wa kilimo akaja kupima, nikapeleka kwenye ofisi inayohusika, nikapewa nakala yenye muhuri. Ninayo mpaka leo kwenye bahasha, pamoja na cheti changu cha kustaafu. Jirani yangu mjane, aliyempoteza mumewe, ana bahasha kama hiyo, na yake imefunguliwa na kufungwa mara nyingi hadi mikunjo imechanika.

Mwaka 2018 waziri wa utalii na wanyamapori aliunda jopo la kuchunguza kama Kenya inaweza kurudia kutumia wanyama kwa nyama na biashara. Maneno yale yale ya zamani yakasikika tena redioni. Mmoja akapiga simu akasema ndovu wachache wakiuzwa kwa wawindaji, wakulima wa Kwale watatajirika. Mwingine akasema atakayemgusa ndovu ni adui wa taifa. Nilizima redio. Wote wawili walizungumza wakiwa Nairobi, na hakuna aliyetaja bahasha.

Uamuzi wangu ni huu. Bunduki ya leseni isirudi Shimba. Hesabu ya taifa ya 2021 iliwakuta palahala 51 tu, na mahali penye wanyama 51 hapana wa ziada wa kupiga. Hata wangekuwa wengi, nimeona mara mbili katika historia ya familia yangu faida ya bunduki ilikokwenda. Lakini pori nalo lisirudi kama lilivyokuja 1903, kwa tangazo. Panapohitajika njia ya ndovu, mwenye shamba aitwe kama walivyoitwa watu wa Mwaluganje, aonyeshwe hesabu, akatae au akubali. Moto wa mbuga za palahala usimamiwe pamoja na wazee wanaoujua msimu wake, kabla hawajaisha. Na fidia ilipwe katika mwaka wa hasara, kwa sababu mtoto hangoji miaka mingi kula.

Kwa wabunge na maofisa watakaoandika upya sheria hii: msituite Nairobi. Njooni Mkongani mwezi wa mahindi kukomaa, mlale usiku mmoja juu ya dungu, ngazi ikivutwa. Nitawapikia mimi.

Na wewe msomaji, ukija Diani kupumzika, siku moja acha bahari. Panda Kwale, ulizia Mwaluganje, lipa kiingilio langoni, nunua karatasi ya wale akina mama. Pesa hiyo inagawanywa kwa watu walioacha kulima ili ndovu apite.